Skyline ya 1991: shajara ya kuirudishia ngozi yake

Gari ni Nissan Skyline GT-R, kizazi cha R32, la mwaka 1991. Rangi ni kijivu cha metali. Kwenye kibao kilichobandikwa ndani ya chumba cha injini imeandikwa KH2, msimbo wa rangi hiyo, na wapenzi wa magari haya wakisikia herufi hizo hawahitaji maelezo zaidi. Injini, ile RB26DETT ya lita 2.6 yenye tabo mbili, haina neno. Gia zinaingia, breki zinashika. Kilichobaki ni ngozi.

Sitaki kulipiga rangi upya. Rangi ya kiwandani hupigwa mara moja tu, na sehemu kubwa ya gari hili bado inayo. Naandika kila siku ya kazi kwa sababu gari la mwisho nililolipiga polishi lilitoka linameremeta, lakini hadi leo sijui nilikula rangi kiasi gani kuupata mng'ao ule.

Siku ya 1

Leo sikushika chombo chochote isipokuwa tochi. Mchana, kivulini, gari linapendeza. Ukisimama hatua tano utasema halina shida. Lakini kijivu cha metali ni rangi ya hila. Chembe za alumini zilizomo ndani yake hutawanya mwanga, na mwanga ukitawanyika mikwaruzo midogo hujificha. Nikasubiri giza, nikazima taa zote za gereji, nikawasha tochi moja na kuisogeza taratibu juu ya boneti.

Yakatokea yote. Utando wa buibui kuanzia boneti hadi buti: mikwaruzo myembamba inayoonekana kama inazunguka kitovu cha mwanga. Kwa kweli haizunguki chochote. Imelala kila upande, ila ile iliyolala mkingamo wa mwanga ndiyo inayorudisha mmeto machoni, na ndiyo maana duara linakufuata popote unapopeleka tochi. Hiyo ni kazi ya miaka mingi ya brashi chafu na vitambaa vikavu. Kila aliyewahi kulifuta vumbi gari hili kwa nia njema ameacha sahihi yake.

Mengine si utando. Kuna alama mbili za kinyesi cha ndege zilizoshuka ndani, madoa ya maji ya chumvichumvi juu ya paa, na mkwaruzo mmoja mrefu kwenye mlango wa kushoto, chini ya kitasa, unaoshika ukucha. Ukipitisha ukucha ukanasa, kina chake kimepita kile ambacho polishi inaweza kukiondoa bila wewe kujuta baadaye.

Nyuma ya paa, karibu na kioo, pana mahali pa ukubwa wa kiganja palipopauka. Sijapapenda.

Na madigadi ya mbele kulia ina rangi ileile ya wenzake lakini haina uso wao. Mwanga wa tochi juu ya mlango unakaa umetulia. Ukiuvusha kwenda kwenye madigadi unaanza kutetemeka, kama unaupitisha juu ya ganda la chungwa.

Siku ya 2

Kuosha. Ndoo mbili, moja ya shampoo na moja ya maji ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Kwanza maji mengi bila kugusa. Kisha juu kwenda chini, na chini ya milango mwisho kabisa, kwa kitambaa kingine.

Baada ya hapo dawa ya kutoa lami, halafu dawa ya chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau inapokutana nazo. Magurudumu nilitarajia yavuje zambarau. Boneti sikutarajia kiasi kile, maana boneti ya gari hili ni ya alumini. Lakini chembe zenyewe hazitoki kwenye bati: ni vumbi la diski za breki, la gari hili na la magari mengine, linalopaa likiwa la moto na kujichoma juu ya rangi. Zinatua popote.

Mwisho, udongo wa kusafishia rangi, ule unaonyumbulika kama wa kufinyangia watoto, pamoja na maji ya sabuni mengi ya kuutelezesha. Mkono mtupu unadanganyika kirahisi. Uingize ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki kisha pitisha vidole juu ya rangi. Kila kipunje kitajitangaza. Paa lilikuwa kama msasa. Baada ya udongo likawa kama sahani.

Udongo wenyewe huacha michubuko myepesi, kwa hiyo si kitu cha kufanya kila mwezi. Mimi nakwenda kupiga polishi hata hivyo.

Siku ya 3

Hii ndiyo siku niliyoitaka, na ilianza kwa fedheha.

Nilikuwa nimeazima kipimo cha unene wa rangi. Nikakiweka juu ya mlango: kikasoma. Paa: kikasoma. Boneti: kimya. Nikakizima na kukiwasha, kimya. Nikachukua kijisumaku, nikakiweka juu ya boneti, kikateleza na kuanguka sakafuni. Kwa muda wa kama dakika mbili niliamini kwa moyo wote kwamba mtu aliyenitangulia alibadilisha boneti akaweka ya fiberglasi, na nikaanza kutunga maneno ya kumwambia. Hadi nilipokumbuka sentensi niliyoiandika jana kwa mkono wangu mwenyewe.

Boneti na madigadi mbili za mbele za R32 GT-R ni alumini. Injini ndefu ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, tabo mbili, na mitambo ya kuvuta magurudumu yote manne, vyote vinalemea mbele. Wahandisi wakapunguza uzito walipoweza. Hawakuwa wanatafuta urembo. Gari hili lilijengwa kwa ajili ya mbio, na kati ya 1990 na 1993 lilishinda mashindano yote 29 ya ubingwa wa magari ya aina hii Japani. Faida yao ni tabu yangu: vipimo vingi vya kawaida hutumia usumaku, na usumaku hauioni alumini. Kinahitajika kipimo kinachoweza pia kuamsha mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya metali isiyo na chuma. Nikarudisha kile, nikapata cha aina zote mbili. Kwanza nikakipatanisha kwenye vibati vyake viwili vitupu, cha chuma na cha alumini.

Nilipima sehemu tano hadi nane kwa kila paneli na kuandika kwa penseli juu ya vipande vya tepu ya karatasi. Hesabu zote ni mikroni; mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Boneti 98 hadi 107. Madigadi ya kushoto 101 hadi 109. Milango yote miwili kati ya 104 na 113. Buti 95 hadi 103. Paa 92 hadi 101. Hizo ni namba za kiwandani. Magari ya Japani ya miaka ile mara nyingi huangukia humo. Madigadi ya mbele kulia: 236 hadi 262. Hiyo imepigwa rangi juu ya rangi, na sasa najua kwa nini mwanga unatetemeka. Bampa ni plastiki, kipimo hakina la kusema juu yake.

Iliyonishtua ni nguzo ya nyuma ya paa, upande wa kulia: 78 hadi 83, wakati mwenzake wa kushoto anasoma 97 na kuendelea. Mtu aliwahi kupasugua hapo, kwa mashine na kwa hasira.

Kipimo kinatoa jumla tu. Ndani ya mikroni 100 mna praima ya kuzuia kutu, praima ya pili, rangi yenyewe na juu yake klia, ile tabaka isiyo na rangi inayobeba mng'ao wote. Klia kwa kawaida ni mikroni 30 hadi 50, na unywele wa kichwani ni mnene kuliko hiyo. Na ndiyo inayobeba kinga dhidi ya mionzi ya urujuanimno ya jua. Ukiila sana leo gari litang'aa, kisha baada ya misimu kadhaa klia itaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua. Kwa hiyo nimejiwekea kikomo: gari zima, kazi yote, nisizidishe mikroni 5 mahali popote pa rangi ya kiwandani. Kwenye nguzo ya kulia, ikiwezekana, nisiguse kabisa.

Siku ya 4

Jaribio. Nilizungushia tepu eneo la nusu mita kwa nusu mita katikati ya buti na kuanza na kilicho dhaifu kuliko vyote: mashine ya obitali, ambayo sponji yake inazunguka na wakati huohuo inayumba, sponji laini, polishi ya kumalizia. Mapito manne, yakikatana wima na mlalo. Nikafuta kwa alkoholi iliyochanganywa na maji.

Kufuta kwa alkoholi si mbwembwe. Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta hujaza mikwaruzo. Kabla ya kufuta nilikuwa tayari kushangilia. Baada ya kufuta, karibu nusu ya utando ulirudi.

Jaribio la pili, sponji ya kati na polishi ya kati: utando umeondoka, imebaki mikwaruzo michache ya kina. La tatu, pedi ya mikrofaiba na kompaundi kali, ile polishi inayokata zaidi: ile michache ikapungua, lakini ikaacha ukungu ambao ungehitaji pito jingine kuuondoa. Tofauti kati ya la pili na la tatu naiona kwa tochi gizani tu. Nimechagua la pili. Anayetaka kulitazama gari langu kwa tochi gizani, aje na gari lake.

Siku ya 5 na 6

Boneti, milango, madigadi ya kushoto, buti. Kazi ndefu, maneno machache.

Nilibandika tepu kwenye kila ukingo na kila mgongo wa bati. Rangi ya majimaji hukimbia ncha inapopigwa, hivyo juu ya ncha huwa nyembamba kuliko kwengine, na sponji nayo hukandamiza ncha kuliko kwengine.

Boneti ya alumini ina tabia yake. Joto la sponji linasambaa upesi, paneli nzima inakuwa vuguvugu badala ya sehemu moja kuwa ya moto. Bampa kinyume chake: plastiki inashikilia joto palepale ulipo, na ukikaa sana rangi inalainika na kuvutika. Pale nilipunguza kasi na sikurudia pito zaidi ya mara tatu.

Kila baada ya paneli nilisugua sponji kwa brashi na kuipuliza hewa. Unga unaoshika sponji ni mweupe, polishi iliyochanganyika na klia. Nimejizoesha kuugeuza uso wa sponji na kuutazama kila ninapoiinua.

Kabla na baada, boneti imeshuka kwa wastani wa mikroni 2. Kipimo chenyewe kinaweza kukosea kiasi hichohicho, kwa hiyo sitaapa. Ninachoweza kuapia ni kwamba jioni ya siku ya 6 nilisimama mbele ya mlango wa kulia nikahesabu matofali ya ukuta wa pili ndani yake.

Siku ya 7

Paa. Madoa ya maji kwanza. Ni madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, yaliyobaki maji yalipokauka. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kitambaa kilicholowa juu ya doa kwa dakika moja mbili, kisha kusuuza. Mengi yaliondoka. Machache yameacha vishimo, na hayo ndiyo yaliyopigwa polishi.

Pale palipopauka nyuma ya paa, nilipiga pito moja jepesi kwa mkono ili kujua. Pakalowa, pakameremeta, nikafuta kwa alkoholi, pakarudi peupe palepale. Klia imekufa hapo. Haijachafuka wala haijakwaruzika. Imeachana na rangi iliyo chini yake. Hakuna polishi inayofufua kitu hicho, na kila pito linabandua zaidi. Nikaacha.

Jioni alipita mzee mmoja anayepiga rangi magari tangu kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha.

"Shikamoo, fundi. Hapa unapaonaje?"

"Marahaba. Hapa pamekwisha, mwanangu. Pakisuguliwa, patakimbilia kwenye kioo."

"Nikipiga klia kidogo hapohapo tu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanaweza kupanda mlima. "Klia ukiikata katikati ya bati, leo hutaona kitu. Mwaka ujao utaona mstari. Hilo ni paa zima au uliache kama lilivyo."

Nimeliacha lilivyo. Nitalifunika vizuri dhidi ya jua na kulitazama.

Siku ya 8

Mabega yamegoma. Sikufanya kitu.

Siku ya 9

Naandika hii kabla hasira haijapoa.

Ubavu wa nyuma kulia ulikuwa umebaki. Nilishaumaliza wote kwa obitali isipokuwa mkwaruzo mmoja ulioanzia juu ya gurudumu na kupanda hadi chini ya nguzo, ileile ya mikroni 78. Ulikuwa unanikera. Nikachukua roteri, mashine inayozunguka mhimili mmoja tu bila kuyumba, nikaweka sponji ndogo. Roteri inakata haraka na inakata mahali pamoja. Kwenye uwanja mpana ni chombo kizuri mno mikononi mwa anayekijua. Tepu niliyoweka kwenye mgongo wa bati ilikuwa inaniachia mstari mwembamba usiopolishiwa. Nikaitoa. Nikasema nitakuwa mwangalifu.

Niliinua mashine, nikageuza sponji. Palikuwa na kijivu.

Si kijivu cha uchafu. Kijivu chenye vimetameta. Nikatazama bati: juu kabisa ya mgongo, urefu wa ukucha wa kidole gumba, pana rangi iliyofifia, kavu, isiyo na kina. Klia imekwenda yote na sehemu ya rangi pia. Sekunde tatu, pengine nne. Namba niliiandika kwa mkono wangu, kikomo nilijiwekea mwenyewe, na tepu niliitoa mwenyewe.

Mkwaruzo wenyewe, kwa taarifa ya yeyote anayeuliza, bado upo.

Siku ya 10

Nimelala, nimeamka, nimepatazama tena. Chembe za alumini zikibaki wazi bila klia zitapoteza rangi, kwa hiyo haliwezi kukaa hivi. Kupiga rangi ubavu mzima ni kupoteza rangi ya kiwandani ya ubavu mzima na nguzo hadi paa, kwa ajili ya ukucha mmoja. Hapana.

Nitaziba kwa mkono. Rangi ya KH2 kwa brashi nyembamba sana, tabaka tatu zilizokonda, kila moja ikiachwa ikauke, kisha klia. Najua haitafanana. Chembe za metali zikipulizwa kwa bunduki ya rangi hulala chali zikitazama juu. Zikipakwa kwa brashi hulala ovyo, na kiraka hutoka cheusi kidogo. Kwenye mgongo wa bati, ambako mwanga unavunjika hata hivyo, jicho halitaenda huko upesi. Langu litakwenda kila siku.

Siku ya 11 hadi 13

Nilipokuwa nasubiri kiraka kikauke nilihamia ukingo wa mbele wa boneti, ambako mawe ya barabarani yamedonoa zaidi ya mara ishirini. Madonoo mengi ni ya juujuu. Manne yamefika kwenye alumini, na moja kati ya hayo limeota uvimbe.

Hapa mazoea ya chuma yanapotosha. Chuma kikiota kutu unaona wekundu, unakwangua, unapaka dawa ya kugeuza kutu. Alumini haitoi wekundu. Inatoa unga mweupe, na wakati mwingine kutu yake inatambaa chini ya rangi kwa nyuzi nyembamba kama njia za minyoo. Dawa ya kugeuza kutu imetengenezwa kwa ajili ya kutu ya chuma. Kwenye alumini haina cha kugeuza. Na brashi ya waya wa chuma ni adui: inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, metali mbili zinakutana na unyevu, na kutu inaendelea kwa kasi kuliko ilivyoanza.

Kwa hiyo msasa tu, vipande vidogo vilivyogundishwa kwenye ncha ya penseli, hadi nikafika kwenye bati safi lisilo na njia hata moja. Uvimbe uliokuwa na ukubwa wa punje ya mchele ulifunguka hadi ukubwa wa sarafu. Mafuta nikatoa kwa alkoholi, praima ya epoksi, kesho yake rangi, keshokutwa klia. Kila tabaka nyembamba. Tone nene hupendeza likiwa bichi, kisha hunywea katikati.

Klia ikishakauka vizuri nitaisawazisha kwa msasa namba 2500 na maji. Bado haijakauka vizuri. Kugusa kwa kidole si kipimo. Ni njaa ya kuona.

Siku ya 14

Madigadi ya kulia, yenye mikroni zaidi ya 230. Hapa ndipo mahali pekee kwenye gari hili ninapoweza kusugua bila kushika roho. Aliyeipiga rangi aliipiga nene na kuiacha na vimatuta.

Msasa namba 2000 uliolowekwa kwenye maji yenye tone la shampoo, nyuma yake kibao cha mpira, mkono mwepesi, njia moja. Unapofuta maji na kukausha unaona wazi: vilele vya matuta vimekuwa vikavu na vyeupe, mabonde bado yanang'aa kama vidimbwi. Vidimbwi vinavyopungua ndivyo uso unavyonyooka. Ukimaliza vyote, umepata kioo.

Sikumaliza vyote. Milango ya kiwandani ina vimatuta vyake vidogo. Rangi ya kiwandani haikuwa kioo hata gari lilipokuwa jipya. Madigadi iliyonyooka kabisa kando ya mlango wenye vimatuta ingejitangaza kama jino la dhahabu. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache nilikausha, nikapeleka tochi kutoka mlangoni hadi kwenye madigadi, nikatazama jinsi mwanga unavyotetemeka pande zote mbili. Ulipotetemeka sawa nikaacha. Namba 3000 kuondoa alama za 2000, kompaundi, polishi. Imeshuka kutoka wastani wa 248 hadi 239.

Nimeipenda siku hii kuliko zote. Inashangaza kwamba ni kwenye paneli isiyo ya asili.

Siku ya 15

Taa za nyuma nne za duara zimepigwa polishi ya plastiki, mipira ya madirisha imepakwa dawa, mabomba ya egzosi yamesuguliwa. Nusu siku.

Kiraka cha mgongo wa bati kimesawazishwa. Kinaonekana ukikijua.

Siku ya 16

Kinga. Wengi wangeweka seramiki, ile kinga ngumu ya kupaka juu ya rangi, na kwa gari la kila siku ningeweka pia. Inakaa muda mrefu, inastahimili sabuni kali. Ila ile "9H" inayotajwa kama vile ni ugumu wa almasi ni ngazi ya penseli: rangi inakwaruzwa kwa penseli za ugumu tofauti, na 9H ni penseli ngumu kuliko zote katika ngazi hiyo. Mchanga ndani ya kitambaa chafu hausomi namba hiyo.

Gari hili halitoki kila siku. Nimepaka nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inadumu miezi michache tu, na hilo ndilo ninalolitaka: kila nitakapoipaka upya nitalazimika kupitisha mkono juu ya kila paneli. Kiraka na ukingo wa mbele wa boneti nimeviruka, maana rangi mbichi inahitaji kupumua kwanza. Boneti kwa sasa ina ukanda mkavu mbele, kama mtu aliyesahau kunyoa.

Siku ya 47

Ukingo wa boneti umesawazishwa, umepigwa polishi na kupakwa nta. Kiraka pia. Jana lilinyeshewa kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, na matone yalisimama juu ya paa yote isipokuwa ule mduara wa kiganja karibu na kioo, ambako maji yalilala bapa. Mduara haujakua. Niliuchora kwa penseli ya nta siku ya 7 na bado uko ndani ya mstari.

Mkwaruzo wa mlango wa kushoto upo. Wa ubavu wa kulia upo.

Nimepima gari zima tena, paneli kwa paneli, na kuandika kila kitu kwenye karatasi moja: namba za kabla, namba za baada, tarehe, polishi gani na sponji gani. Nimeikunja na kuitia ndani ya kitabu cha gari, kwa atakayeshika mashine baada yangu. Mstari wa mwisho nimeuandika kwa wino mwekundu na kuupigia mistari miwili chini:

Nguzo ya nyuma kulia, 74. Usiguse.